Kopo la Whitfield

Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu wa zamu alitukagua vichwa asubuhi moja baada ya wimbo wa taifa. Wenye mapunye tuliambiwa tusimame kushoto. Tulikuwa saba. Wengine wote wakaingia darasani wakitutazama, nasi tukarudishwa nyumbani tukiwa na agizo moja: msirudi mpaka mpone.

Bibi alininyoa kwa wembe siku hiyohiyo. Juu ya utosi nilikuwa na viraka vitatu vyenye magamba meupe, nywele zimekatikia humo kama mahindi yaliyoliwa na panya. Kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, nilikuwa na duara moja lililoinuka pembezoni. Wengine huliita choa, na wapo wanaoliita shilingi kwa sababu ya umbo lake. Bibi alianza na kitunguu saumu kilichopondwa, akaja na maji ya mwarobaini, kisha akakubali kunipeleka zahanati. Tukatoka na kopo dogo la plastiki ambalo juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu neno moja: Whitfield.

Ndani ya kopo kulikuwa na kitu kama mafuta ya mgando yaliyochanganywa na unga. Nilipakwa asubuhi na jioni. Kiliwasha, na pale nilipokuwa nimejikuna kiliunguza hasa. Nilipolia, Bibi alisema kwa utulivu wa mtu aliyelea watoto wengi, "Inaunguza? Basi inafanya kazi, mjukuu wangu. Dawa isiyouma ni mafuta tu hayo."

Baada ya mwezi hivi, duara la mkononi lilikuwa limepotea. Kichwa kilikuwa vilevile. Kopo lilikuwa moja, mpakaji mmoja na mtoto mmoja, lakini mkono ukapona na kichwa kikagoma. Nimekua, nimesoma, sasa nasoma shahada ya uzamili katika historia, na swali hilo halikuniacha. Nilipoanza kulifuatilia niligundua kwamba jibu lake lina safari ndefu, na kwamba sehemu ya safari hiyo ilipita karibu na kwetu.

Neno tindikali kwa Kiswahili limebeba hofu. Tunalisikia kwenye habari za watu waliomwagiwa usoni, na kwa mafundi wa betri za magari. Kwa hiyo hushangaza kidogo kuambiwa kwamba ndani ya kopo lile mlikuwa na asidi mbili. Hizi ni asidi dhaifu, zote ni unga mweupe ukizishika zikiwa kavu. Moja ni asidi ya benzoiki. Nyingine ni asidi ya salisiliki. Kila moja ilizaliwa na mti.

Tuanze na ya kwanza. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa, na tunachokijua kuhusu Kilwa ya wakati ule tumekipata kwa sehemu kubwa kutoka kwake. Kama miaka kumi na mitano baadaye alikuwa Sumatra, kisiwa ambacho Waarabu wa zama zake walikiita Java. Huko alitaja utomvu wa mti unaonukia ukichomwa. Wafanyabiashara wa Kiarabu waliuita luban jawi, yaani ubani wa Java, ili wasiuchanganye na ubani wao wa kusini mwa Arabuni.

Neno luban lilipofika pwani yetu liliangusha herufi yake ya kwanza na kuingia katika ngeli ya U, likawa ubani, lile tunalolijua kutoka kwenye vyetezo vya arusi na vya matanga. Lilipofika Ulaya kupitia wafanyabiashara wa Bahari ya Kati na Wareno, nalo lilipoteza kichwa. Wazungu walidhani "lu" ni kiambishi cha lugha zao tu, wakakikata, wakabaki na benjui, ambayo baadaye ikawa benzoin. Kutoka hapo wakemia wakapata jina la asidi ya benzoiki. Kwa hiyo ubani wa chetezoni kwa Bibi na asidi iliyokuwa koponi mwake ni ndugu kwa jina. Babu yao ni neno moja la Kiarabu.

Namna ya kuitoa asidi hiyo ilijulikana Ulaya tangu karne ya 16. Nostradamus, yule Mfaransa anayekumbukwa zaidi kwa utabiri, alikuwa pia mtu wa dawa, na ni miongoni mwa wa kwanza kueleza jinsi utomvu huo unavyopashwa moto hadi utoe mvuke unaoganda kuwa sindano nyeupe. Kwa miaka mingi waliziita maua ya benzoin. Mwaka 1832 Wajerumani Justus von Liebig na Friedrich Wöhler walibaini muundo wake. Mwaka 1875 mwenzao, Ernst Salkowski, alionyesha kwamba asidi hiyo huzuia fangasi kukua. Ndiyo maana hadi leo chumvi zake hutiwa katika soda na achari ili zisiharibike. Unachokunywa kwenye chupa kina jamaa wa kilichokuwa kichwani mwangu.

Asidi ya pili ilitoka kwenye gome. Mwaka 1763 kasisi wa Kiingereza, Edward Stone, aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London kwamba alikuwa amewapa watu wapatao hamsini wenye homa za vipindi unga wa gome la mti unaoota kando ya mito, ambao kwa Kilatini huitwa salix. Wengi wao, alisema, walipata nafuu. Karne iliyofuata wakemia walilichambua gome hilo. Mwaka 1828 Johann Buchner wa München alipata kiini chake kichungu, na mwaka 1838 Mwitaliano Raffaele Piria akakigeuza kiini hicho kuwa asidi, ikapewa jina la mti wake: salisiliki.

Kilichoifanya iwafikie maskini ni kiwanda. Hermann Kolbe aligundua njia ya kuitengeneza bila gome, kwa kutumia fenoli na hewa ya kaboni dioksidi, na mwaka 1874 Friedrich von Heyden akaanza kuizalisha kwa wingi karibu na Dresden. Bei ikashuka. Watu wengi wanajua kilichofuata upande mmoja wa hadithi hii, kwamba mwaka 1897 Felix Hoffmann wa Bayer aliifanyia marekebisho asidi hiyo na kupata aspirini. Upande wa pili haujulikani sana. Katika miaka ya 1880 daktari wa ngozi wa Hamburg, Paul Gerson Unna, alikuwa akiipaka juu ya ngozi na kuangalia inachofanya. Aliona kwamba inalegeza tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa, hadi linabanduka. Kutokana na kazi hiyo asidi ya salisiliki ikawa dawa ya sugu za miguuni, ya chunjua, ya magamba ya ngozi, na baadaye ya chunusi. Losheni nyingi za chunusi zinazouzwa leo kwa vijana wa Dar es Salaam na Nairobi, kwa bei inayolingana na nauli ya wiki nzima, zina asilimia mbili au pungufu ya asidi hiyohiyo.

Mtu aliyezikutanisha asidi hizi mbili ni Arthur Whitfield. Alizaliwa mwaka 1868 na akawa profesa wa magonjwa ya ngozi katika King's College Hospital, London. Mwaka 1907 alichapisha kitabu cha mkono kuhusu maradhi ya ngozi na tiba zake, na alikuwa miongoni mwa madaktari wa mwanzo nchini Uingereza kuwaeleza wenzao kuhusu fangasi wa miguuni. Mchanganyiko unaobeba jina lake ni rahisi kiasi cha kushangaza. Katika gramu 100 za marhamu, gramu 6 ni asidi ya benzoiki, gramu 3 ni asidi ya salisiliki, na zinazobaki ni mafuta ya kushikilia. Mfamasia mwenye mizani, sahani na kisu butu anaweza kuutengeneza akiwa amesimama.

Ili kuelewa unavyofanya kazi, inabidi kwanza kujua fangasi wa choa wanaishi wapi. Hawaingii ndani ya mwili. Wanakula keratini, ile protini ngumu inayounda kucha, nywele na tabaka la nje la ngozi. Kwa hiyo wanakaa kwenye ngozi iliyokufa, kama mchwa kwenye gome kavu. Asidi ya salisiliki inabandua gome hilo. Asidi ya benzoiki inawazuia mchwa wasizaane wakati gome linabanduka. Zingatia kwamba inawazuia tu, wala haiwaui moja kwa moja. Ndiyo maana dawa hii haina haraka. Unapaka mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa, na unaendelea hata baada ya duara kupotea, hadi ngozi yote iliyokuwa na fangasi iwe imekwisha kudondoka na mpya imepanda kutoka chini. Anayeacha siku ya kumi kwa sababu muwasho umepungua atauona ugonjwa tena.

Hapa ndipo Bibi alipokuwa na nusu ya ukweli. Dawa ile huunguza kweli, lakini kuungua si dalili kwamba inaponya. Ni dalili kwamba ngozi imechubuka au ni laini mno. Kwenye uso, kwenye kinena na kwa watoto wadogo hupunguzwa nguvu hadi nusu, na haifai kupakwa eneo kubwa la mwili wa mtoto mchanga kwa sababu asidi ya salisiliki inaweza kupenya na kuingia kwenye damu. Angenipaka nilipochubuka kidogo tu, nisingelia, na mkono ungepona vilevile.

Je, inafanya kazi vizuri kiasi gani? Swali hili liliulizwa kwa makini baada ya dawa mpya kuja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 maabara za Bayer zilitoa klotrimazo, krimu nyeupe isiyo na harufu kali, isiyobandua ngozi, na ya bei. Ilionekana kwamba kopo la Whitfield lingeenda makumbusho. Mwaka 1973 Yvonne Clayton na mwenzake walichapisha matokeo ya kuzilinganisha dawa hizo kwa wagonjwa wa Uingereza wenye choa na fangasi wengine wa ngozi, na kwa choa ile ya zamani haikuachwa nyuma. Mwaka 1994 yakachapishwa matokeo ya jaribio jingine lililofanyika Malawi, Clayton akiwa tena miongoni mwa watafiti. Humo nako hakukuwa na tofauti ya maana kati ya marhamu ya Whitfield na klotrimazo katika kuponya, isipokuwa ile ya kwanza ilikuwa rahisi zaidi kwa bei.

Nilipoyasoma matokeo hayo nilikumbuka mkono wangu. Haukupona kwa bahati. Ulipona kwa sababu dawa ile, kwa ugonjwa ule, mahali pale, ni dawa kweli. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, marhamu ya asidi ya benzoiki na salisiliki, asilimia 6 na 3, ilikuwemo.

Sasa kichwa. Fangasi wa mapunye hawakai juu ya ngozi tu, wanaingia ndani ya unywele na kushuka nao hadi kwenye shina, chini ya uso wa ngozi. Marhamu inabandua gome la juu huku mchwa wamejificha kwenye mzizi. Unaweza kupaka mwaka mzima. Utapunguza magamba, labda utapunguza kuwaambukiza wenzako, lakini hutaponya.

Madaktari walilijua hilo zamani. David Gruby aliwaona fangasi hao kwa hadubini mjini Paris mapema miaka ya 1840. Raymond Sabouraud, katika mji huohuo, aliwachunguza kwa miaka mingi na kufikia uamuzi kwamba kama unywele ndio nyumba ya ugonjwa, basi unywele lazima ung'oke wote. Mwaka 1904 alieleza namna ya kuung'oa kwa miale ya eksirei. Mtoto alikaa chini ya mashine, na wiki chache baadaye nywele zote zikadondoka pamoja na fangasi wake. Kwa macho ya wakati ule yalikuwa maendeleo makubwa. Mtoto aliyekuwa akifukuzwa shule kwa miaka miwili sasa alirudi baada ya miezi.

Bei yake ilikuja baadaye. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwaka 1960, watoto wapatao 20,000 nchini Israel, wengi wao wa familia zilizohamia kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, walipigwa miale hiyo kwa sababu ya mapunye. Mwaka 1974 Baruch Modan na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet kwamba watoto hao walikuwa wakipata uvimbe wa kichwa na shingo kuliko wenzao. Mwaka 1994 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuwalipa fidia. Nimewafikiria sana watoto hao. Nao walipangwa mstari, wakakaguliwa vichwa, wakasimamishwa upande mmoja. Ugonjwa usioua ulitibiwa kwa kitu kilichoweza kuua, kwa sehemu kwa sababu ya haraka na kwa sehemu kwa sababu ya aibu.

Na dawa ilikuwa imekwisha kupatikana kabati la pili. Griseofulvini ilitolewa kwenye ukungu mwaka 1939, ikakaa karibu miaka ishirini bila mtu kuifikiria kwa ajili hiyo, hadi mwaka 1958 J. C. Gentles wa Glasgow alipoonyesha kwamba mnyama akiimeza, inaponya fangasi wa ngozi. Inapita tumboni, inaingia kwenye damu na kujengwa ndani ya unywele mpya unapoota. Fangasi anakosa pa kuhamia. Mimi pia nilipona hivyo. Mganga wa hospitali ya wilaya alinitazama kichwa, akalitazama kopo ambalo Bibi alilishika kama ushahidi, akasema, "Mama, hii ni nzuri, ila siyo ya kichwani." Akaandika vidonge. Nilikuwa nimekosa shule muhula mzima kwa sababu ya sentensi moja ambayo hakuna aliyetuambia mapema.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mwaka jana binamu yangu, msichana wa chuo, alinionyesha paja lake. Alianza na duara moja dogo. Duka la dawa karibu na hosteli yake walimuuzia krimu iliyochanganywa vitu vitatu, kimojawapo steroidi kali. Muwasho ulikoma siku ya pili. Aliifurahia, akawaambia na wenzake. Alipoacha ulirudi, akapaka tena. Baada ya miezi minne duara halikuwa duara tena. Lilikuwa limesambaa bila ukingo, jekundu huku, jeusi kule, na ngozi imekuwa nyembamba yenye michirizi kama ya mama aliyejifungua. Steroidi inatuliza mwasho kwa kuwalaza walinzi wa mwili, na walinzi wakilala fangasi hula kwa raha. Steroidi hizohizo ndizo zimo kwenye mikorogo mingi ya kujichubua, kwa hiyo kwake krimu ile ilikuwa na faida ya ziada ambayo aliniambia kwa sauti ya chini: ilimng'arisha kidogo.

Nilimuuliza kwa nini hakutafuta dawa ya kawaida. Akacheka. "Kaka, nani anataka kupaka kitu cha mwezi mzima kinachonuka? Hii iliniondolea muwasho usiku mmoja."

Sikuwa na cha kumlaumu. Bibi aliamini dawa nzuri huuma, binamu yangu aliamini dawa nzuri hutuliza mara moja, na Sabouraud, mwanasayansi kuliko sisi sote, aliamini dawa nzuri hung'oa kila kitu kwa mkupuo. Kila mmoja aliisoma dawa kwa kile anachokihisi au kukiona haraka. Fangasi hawaendi kwa kasi hiyo. Wanaondoka kwa kasi ya ngozi inavyobadilika, ambayo ni wiki, na kwa kasi ya unywele unavyoota, ambayo ni miezi.

Tangu mwaka 1992 kuna kituo mjini Moshi, ndani ya hospitali ya KCMC, kinachofundisha matabibu wa nchi mbalimbali za Afrika magonjwa ya ngozi. Wanaotoka pale wanarudi kwenye wilaya zao wakiwa wanajua kutofautisha choa na mapunye, na marhamu na kidonge. Ni ujuzi usio na fahari, na hakuna mtu atakayeuandikia wimbo. Lakini mimi najua thamani yake, kwa sababu siku ambayo mmoja wa watu wa namna hiyo alikitazama kichwa changu kwa dakika mbili, nilirudi darasani.

Binamu yangu nilimpeleka kliniki. Alikatazwa krimu ile, akapewa vidonge vya wiki kadhaa, na akaambiwa kwamba mwanzoni muwasho utaongezeka. Michirizi haitafutika. Wakati tukisubiri dirishani, mama mmoja mbele yetu alikabidhiwa kopo dogo la plastiki kwa ajili ya mwanawe mwenye duara shingoni. Akalifungua, akanusa, akakunja uso.

"Hii inaunguza?" akamuuliza mfamasia.

"Kidogo," akajibu. "Usimpake alipojikuna. Na usiache mpaka nikuambie uache."

Mama yule alirudia maneno hayo polepole, kama mtu anayekariri namba ya simu, akaliweka kopo kwenye mkoba.